Trendi za spring/summer na joto la Kisumu: shida iko kwa kitambaa na kalenda, si kwa mwili wako

"Habari yako madam. Nilihamia Kisumu kikazi mwanzo wa mwaka jana nikitoka Nakuru, na nguo zangu karibu zote zilikuwa za baridi. Nikaamua nibadilishe kabati, nikafuata trendi za spring/summer venye nilikuwa naziona kwa simu. Nilinunua gauni tatu onlaini: moja ya njano ya siagi imeandikwa ni lineni, moja ya satini ya kijani, na moja maksi nyeupe yenye leisi. Zote zimeninyima raha. Ile ya njano nikifika ofisini mgongo umeshalowa, kwa kiuno nimetoka vipele, alafu mwenzangu akaniambia njano hafifu si ya watu weusi kama sisi. Ile nyeupe niliivaa Aprili nikarudi nyumbani na matope mpaka magotini. Sasa mwaka huu naona wanasema ni nyeupe na vidoti. Nifuate ama niachane nazo? Ama ni mwili wangu uko na shida? Na Julai binamu yangu anaoa Nakuru, sijui nitavaa nini."

Asante dada kwa kueleza kwa urefu hivi, juu ungeniambia tu nguo zinakusumbua singejua pa kuanzia. Nikikusoma naona kuna maswali matatu yamefungana: kama mwili wako ndio mbaya, kama ngozi yako ndio mbaya, na kama hizi trendi ni za watu wengine si zetu. Naanza na mwili maana naona ndio unakuuma. Mwili wako uko sawa kabisa. Umetoka Nakuru, mita kama 1,850 juu ya bahari, ukashuka mpaka Kisumu mita kama 1,130, kando ya ziwa, mahali mchana unagusa digrii 30 miezi mingi ya mwaka na hewa yenyewe imebeba maji. Hapo mtu yeyote atatoa jasho. Kilichokukosea ni kitambaa, na kalenda.

Kalenda ni rahisi kueleza. Hizo nguo zimetengenezewa watu ambao mwaka wao unagawanywa na jua. Kule Ulaya na Marekani kuanzia Machi upande wao wa dunia unaanza kuinamia jua, siku zinarefuka, watu wanavua makoti, na Juni mpaka Agosti ndio joto lao. Sisi tuko kwa ikweta, mstari wenyewe unapita hapo Maseno, kwa hivyo mchana wetu ni kama saa 12 Januari na saa 12 Julai, na kitu kinachotugawanyia mwaka ni mvua. Sasa angalia venye hizo kalenda mbili zinagongana. Machi mpaka Mei wao wanatangaza maksi nyeupe na viatu vya wazi, sisi tuko katikati ya mvua ndefu, na barabara za mtaa zote ni tope. Juni mpaka Agosti wao wako ufuoni, Nakuru watu wamevaa sweta. Alafu Januari na Februari, wakati jua letu linachoma kweli kweli, simu yako imejaa makoti ya sufu. Kwa hivyo ile maksi yako nyeupe usiichukie, ulikuwa umeivaa mwezi wa mvua tu. Hiyo ni nguo ya Januari.

Na kuna kitu naomba wanawake wetu wakishike vizuri. Mikusanyo ya spring/summer huwa inaonyeshwa Septemba na mwanzo wa Oktoba wa mwaka uliotangulia, kwanza New York, alafu London, Milan, na mwisho Paris. Za mwaka huu wa 2026 zilionyeshwa 2025, ndio wakati mbunifu Matthieu Blazy alionyesha kazi yake ya kwanza pale Chanel na mwenzake Jonathan Anderson akaonyesha mkusanyo wake wa kwanza wa wanawake pale Dior. Picha zinatoka siku hiyo hiyo. Maduka yao yanangoja miezi kadhaa juu nje bado kuna theluji, lakini wewe na fundi wako mnangoja nini? Ukiona shepu umeipenda Oktoba unanunua kitambaa, fundi anashona Novemba mvua fupi zikinyesha, Desemba umevaa, na una joto mbele yako mpaka Machi. Kwa hii kitu sisi wa ikweta tuko mahali pazuri kuliko wao, na inaniuma kuona msichana wa Kisumu anangoja mpaka Machi aambiwe msimu wa joto umefika, na yeye joto lake linaisha.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo.

Jasho likitoka peke yake halipoozi mwili. Kinachopooza ni jasho likikauka, maana likigeuka mvuke linabeba joto la ngozi linaenda nalo. Nakuru hewa ni kavu zaidi na ni baridi, jasho linakauka hata hujalisikia, ndio maana ukiwa huko hukuwahi kujiuliza nguo yako ni ya nini. Kisumu hewa tayari iko na maji mengi kwa hivyo jasho linakauka polepole, na nguo inafaa ikusaidie kazi mbili: inyonye lile jasho kutoka kwa ngozi, na iache upepo upite. Nyuzi hazifanani kwa hiyo kazi. Ukichukua kilo moja ya pamba kavu kabisa ukaiacha kwa hewa ya kawaida, itajivutia maji kama gramu 85. Lineni, ule uzi wa mmea wa kitani, itavuta kama gramu 120, na viskosi, uzi unaotengenezwa kutoka kwa mbao, iko hapo hapo karibu na lineni au ipite kidogo. Polista itavuta gramu 4. Gramu 4, dada. Yaani uzi wa polista wenyewe hautaki maji, jasho linabaki kati yako na nguo, linalowa mgongoni, linashuka mpaka kwa kiuno mahali mshipi umebana na hapo ndipo vipele vyako vimetokea. Umeona chapati moto ukiifungia kwa karatasi ya nailoni venye inalowa yenyewe? Ndio hiyo.

Utaniuliza, na jezi za mpira si ni polista na watu wanakimbia nazo? Ni polista ndio, lakini zimefumwa kwa vitundu na nyuzi zake zimetengenezwa zisafirishe jasho kwenda nje, na mchezaji anapigwa na upepo. Gauni la ofisi la polista lililofumwa likabana, likawekwa na laining ya polista tena ndani, hilo ni jambo lingine kabisa.

Hapo pia ndipo watu wengi wanapotea, wanadhani nguo nyepesi ndio nguo ya joto. Shifoni ya polista ni nyepesi mpaka unaona mkono wako upande wa pili lakini kwa joto la Kisumu inaweza kukuchosha kuliko shati la pamba lenye uzito. Uzito si kitu cha kwanza kuangalia. Angalia uzi ni wa nini, umefumwa kwa kubana kiasi gani, na nguo iko na nafasi gani mwilini. Nguo pana ukitembea inapepea, inasukuma hewa ya moto nje na kuingiza nyingine. Ndio maana dera inapendwa Pwani na imetufikia mpaka huku kwa ziwa, na ndio maana pia hizi sketi ndefu za kupepea na suruali pana za siku hizi kwangu ndio sehemu nzuri zaidi ya trendi, juu shepu yake inatufaa kushinda hata venye inawafaa wao.

Kwa gauni lako la njano, mimi nina shaka kubwa hiyo si lineni. Wauzaji wengi onlaini wanaandika lineni wakimaanisha kitambaa kinachofanana na lineni kwa macho, kile chenye mistari mistari ya uzi mnene. Tafuta kile kilebo kidogo kimeshonwa ndani ubavuni, usome asilimia. Kama hakuna lebo, kunja kipande kwa ngumi uhesabu mpaka kumi kisha uachilie: lineni ya kweli itatoka na mikunjo mibaya kabisa, polista itatoka kama hakuna kitu kimetendeka. Ukitaka kuhakikisha, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwa mshono wa ndani, uzishike na koleo ndogo juu ya sinki uwashe kiberiti. Pamba, lineni na viskosi zinanuka kama karatasi inayoungua na zinabaki jivu laini. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inabaki kitone kigumu, usikiguse kabla hakijapoa. Zikiwa zimechanganywa utaona vyote viwili, jivu na kitone, na mchanganyiko si vibaya ikiwa pamba ndio nyingi.

Ile satini ya kijani karibu hakika ni polista pia, maana satini ya hariri ungeijua kwa bei kabla hata hujaigusa. Satini iko na balaa moja zaidi, inaonyesha jasho. Rangi za katikati kama kijivu, samawati na kijani hafifu zikilowa zinabadilika sana, na kwa kitambaa cha kung'aa hiyo alama ya kwapa inaonekana kutoka mlangoni. Nyeupe, nyeusi, na nguo zenye maua au vidoti zinaficha vizuri.

Haya, njano. Hapa nakataa kabisa na mwenzako wa ofisi, na natamani haya maneno tuache kuambiana. Njano hafifu juu ya ngozi nyeusi inapendeza sana, ile tofauti ya mwanga na kina ndio inafanya rangi ionekane, na nimewavalisha wanawake weusi tititi hiyo rangi mpaka watu wakasimama kuangalia. Kinachoweza kuharibu ni vitu vitatu ambavyo havina uhusiano na weusi. Kimoja ni kitambaa chembamba kinachoonyesha ndani, na hapa wengi huvaa nguo ya ndani nyeupe wakidhani itapotea, kumbe nyeupe ndio inaonekana zaidi, vaa ile inayokaribia rangi ya ngozi yako mwenyewe. Cha pili ni aina ya njano, kuna ile imeegemea krimu na kuna ile imeegemea kijani kidogo kama ndimu, na kuna mtu moja inampa uhai na nyingine inamchosha uso. Usiamue kwa taa ya duka wala kwa kioo cha simu, shika kitambaa chini ya kidevu ukiwa umesimama mlangoni kwa mwanga wa mchana, ubadilishe na kingine, utaona mwenyewe ni gani. Cha tatu ni saizi, rangi hafifu hazisamehi nguo iliyobana, kila mkunjo unaonekana. Basi. Ni hayo tu.

Sasa kama ufuate trendi ama uachane nazo. Jibu langu ni ufuate rangi na shepu, lakini kitambaa na mwezi uamue wewe na hali ya hewa ya mahali unaishi. Mwaka wa 2025 ilikuwa hiyo njano ya siagi, vidoti, swedi (ile ngozi laini yenye manyoya mafupi), na boho ikarudi, zile blauzi za mikono mipana na mafrili ambazo kampuni ya mitindo ya Chloé walizirudisha chini ya mbunifu wao Chemena Kamali. Kwa 2026 Pantone wamechagua nyeupe wanayoiita Cloud Dancer, baada ya ile kahawia ya 2025 iliyoitwa Mocha Mousse. Rangi ya Pantone si sheria, ni kampuni inayouza mfumo wa rangi, na tangu 2000 wamekuwa wakitaja rangi ya mwaka. Ukiipenda nyeupe, vaa nyeupe. Ila kwa Kisumu ningekushonea nyeupe ya pamba, urefu wa katikati ya muundi, isifagie chini, na uiweke kwa miezi ya jua. Vidoti ndivyo ningekushauri zaidi kwa ofisi, vinaficha jasho, vinaficha tope la matatu, na vimekuwepo miaka mingi kwa hivyo hata mwaka kesho bado utavaa.

Na kabla hujarudi onlaini, nenda soko la Kibuye hapo Kisumu Jumapili asubuhi. Boho ilivuma sana katikati ya miaka ya 2000, na mitumba huwa inatuletea nguo za miaka iliyopita, kwa hivyo zile blauzi za pamba zenye taraza ambazo leo maduka makubwa yanaziiga kwa polista, utazipata zimetundikwa pale kwa pamba yenyewe. Uliza wanaofungua bale ya blauzi za pamba ama gauni za kiangazi, waambie unataka kamera (zile nzuri za kwanza) si fagia (mabaki), na uangalie kwapa na kola kwanza kabla ya kupenda rangi. Hapo unaweza kupata vitu viwili vitatu vizuri kwa bei ya gauni moja la onlaini, na umeshika kwa mkono.

Njia ya fundi ni ghali kidogo na inataka uvumilivu lakini nguo inakutosha wewe. Kitambaa cha pamba, lineni ama viskosi kiloweke kwa maji na kukianika kabla hakijakatwa, maana vyote vinaruka, na viskosi ndio mbaya zaidi, gauni linaweza kupanda kutoka kwa muundi mpaka kwa goti kwa kufuliwa mara moja tu. Viskosi pia ikilowa nguvu yake inapungua sana, usiikamue kwa kuisokota, ibonyeze na taulo uianike kivulini. Naipenda, inapoa na inaanguka vizuri, lakini kama unamwachia mtu mwingine kufua nguo zako basi chukua pamba. Lineni ya kweli ni ghali na itakunjika kabla hujafika stejini, kuna watu hawawezi kustahimili hiyo na hawana makosa. Kitenge cha pamba ni kizuri sana lakini siku hizi kuna vingi vya polista, kile kipimo cha moto kinafanya kazi pale pia. Mwambie fundi aongeze nafasi kwapani, asiweke laining ya polista, kama kitambaa kinaonyesha bora uvae petikoti ya pamba ambayo unaweza kubadilisha na kufua kila siku.

Vipele sasa, na hapa mimi naishia mahali fundi anaishia. Joto na jasho likizibana linaweza kuziba vitundu vya jasho na kuleta vile vipele vidogo vya kuwasha, hivyo hupungua ukivaa nguo pana ya pamba siku kadhaa na kukaa mahali penye upepo. Lakini pia rangi zinazotiwa kwa polista zinaweza kuleta mzio kwa watu wengine, hasa mahali nguo inasugua, kiunoni na kwapani, kwa hivyo nguo mpya fua kwanza kabla ya kuvaa, kila mara. Kama vimekaa zaidi ya wiki mbili, ama vinatoa maji, ama vimefanya duara, ama chini ya matiti kumekuwa kwekundu na kunanuka, hiyo inaweza kuwa fangasi ama kitu kingine, nenda hospitali wakuangalie. Tafadhali usijipake ile krimu ya kuazima kwa jirani, nyingi zina steroidi, na steroidi juu ya fangasi inaifanya ienee ikiwa inaonekana kama inapona.

Harusi ya Julai: Nakuru mwezi huo asubuhi na jioni ni baridi ya kweli, mchana jua linaweza kutoka kidogo. Hapo ndipo lile gauni la satini litakufaa. Lile lile linalokutesa Kisumu, huko halitakutoa jasho, litashika joto, na kwa harusi mng'ao wake uko mahali pake. Juu yake weka jaketi fupi ya swedi ama koti jepesi la sufu kutoka mitumba, rangi ya kahawia inakaa vizuri sana na kijani, na ubebe shali kubwa kwa picha za asubuhi. Uliza kwanza binamu yako rangi za harusi ni gani, usiende ukafanana na wasimamizi. Kama kijani imekatazwa, njano ile ile ukiivalia shati jembamba la mikono mirefu ndani inaweza kufanya hiyo kazi, hata kama ni polista.

Usitupe chochote basi. Maksi nyeupe ifue, uiloweke na sabuni kabla tope halijazoeana na leisi, fundi akate pindo kidogo, uiweke mpaka Desemba. Gauni la njano mpelekee fundi akiwa anaweza kukuona ukiwa umelivaa, si kumtumia kwa bodaboda, na uende na sidiria na viatu utakavyovalia. Mwambie afungue laining uone kama linavaleka bila hiyo, na apanue kiuno sentimita tatu nne kama mshono wa ndani umeacha nafasi. Nenda mwezi wa Mei, maana ukingoja Juni iishe utapata mafundi wamejaa nguo za harusi za Agosti na hatakuwa na nafasi ya kukupima mara mbili.